Kazi ya mwalimu wa sekondari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa aina tatu: anayefikiria kuingia kwenye ualimu, aliyeajiriwa juzi na bado anatafuta pa kushika, na mzazi anayetaka kujua amdai mwalimu nini na asimdai nini. Kanuni za ajira hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo hapa tunazungumzia kazi yenyewe.

Kwa ufupi, mwalimu wa sekondari anafanya nini?

Anafundisha somo moja au mawili kwa vijana wa kati ya miaka 12 na 18 hivi, anapima kama wamejifunza, na anawalinda wakiwa mikononi mwake. Zamu, vikao, madaftari ya mahudhurio na ripoti za muhula zote zinatumikia mambo hayo matatu.

La kati ndilo linaloachwa zaidi. Yeyote anayepita dirishani anamwona mwalimu amesimama ubaoni na chaki mkononi, anafundisha. Kama kilichosemwa kimeingia vichwani, hapo dirishani hakionekani. Kwa maoni yangu, mwalimu anayejua kwa uhakika nani kaelewa na nani kaachwa njiani ameshafanya sehemu ngumu zaidi ya kazi yake, hata kama hazungumzi kwa madaha.

Ana tofauti gani na mwalimu wa shule ya msingi?

Mwalimu wa msingi mara nyingi hukaa na watoto walewale siku nzima. Kufikia saa nne anajua nani hajalala vizuri. Wa sekondari anaingia darasa hili, anatoka, anaingia lile. Akiwa na madarasa matano yenye wanafunzi 40 kila moja, ana vijana 200, na kila kundi analiona vipindi vichache tu kwa wiki. Hatari yake ni hii: mwanafunzi mkimya anaweza kumaliza muhula mzima bila mwalimu hata mmoja kugundua kwamba amepotea, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake anamfahamu.

Tofauti nyingine ni umri. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kujizuia na kupima matokeo ya jambo, huendelea kukomaa hadi mtu anapofika miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana kijana wa miaka 15 anaweza kutatua mlinganyo mgumu, na dakika tano baadaye akafanya jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kueleza kwa nini amelifanya. Halafu macho ya wenzake yana uzito kuliko macho ya mwalimu. Kumwaibisha mbele ya darasa ni kumlazimisha achague kati ya heshima yako na heshima yake kwa rafiki zake, na jibu lake unalijua.

Siku ya kazi inaishia kengele ya mwisho?

Piga hesabu. Wanafunzi 200, zoezi moja, dakika tatu kwa kila daftari: dakika 600, yaani saa 10. Hapo hujaandaa kipindi cha kesho, hujatunga jaribio, hujahudhuria kikao.

Hakuna anayesahihisha hivyo kila siku akabaki mzima. Wazoefu wanatoa maswali matatu yaliyochaguliwa vizuri badala ya kumi. Wanazunguka darasani na kalamu nyekundu wakati wanafunzi bado wanaandika. Wanachukua madaftari ya darasa moja na kuyasoma kwa kina, huku mengine wanafunzi wakisahihishiana kwa majibu yaliyo ubaoni, na wiki inayofuata wanageuza zamu. Anayeweka vema kubwa ukurasa mzima bila kusoma anajidanganya, na wanafunzi wanagundua mapema kuliko anavyodhani. Wapo wanaoandika mistari ya wimbo katikati ya jibu ili wapime kama mwalimu anasoma.

Azimio la kazi na andalio la somo si makaratasi ya kumridhisha mkaguzi tu?

Azimio ni mpango wa mada za muhula au mwaka mzima, andalio ni mpango wa kipindi kimoja. Kwa baadhi ya walimu, ndivyo yalivyo: andalio la mwaka juzi limenakiliwa neno kwa neno, kilichobadilika ni tarehe.

Lakini azimio lina faida inayoonekana wiki ya saba, pale unapogundua kwamba uko nyuma kwa wiki mbili na mtihani unakuja. Mwenye azimio anajua mada ipi anaweza kuibana na ipi akiigusa haraka atavunja zinazofuata. Asiye nalo anaanza kukimbia, na darasa linabaki nyuma. Shajara nayo, yaani daftari la kumbukumbu za kazi, inaonyesha kilichofundishwa kweli, kwani mipango ina kawaida ya kuvurugwa na michezo, mvua na vikao vya ghafla.

Kwenye andalio, angalia lengo kwanza. Liwe jambo unaloweza kulishuhudia kabla ya kutoka darasani: mwanafunzi achore mzunguko wa maji, akokotoe mwendokasi, alinganishe sababu mbili za vita. Mwaka 1956 jopo lililoongozwa na Benjamin Bloom nchini Marekani lilipanga malengo ya kujifunza katika ngazi sita, kuanzia kukumbuka, kuelewa na kutumia hadi kuchambua, kuunganisha na kutathmini. Majaribio mengi ya shuleni hukwama ngazi ya kwanza, kwa sababu swali la "taja" ni rahisi kutunga na rahisi zaidi kusahihisha.

Ndani ya kipindi, jukumu lake kubwa ni lipi?

Kutafuta makosa yaliyojificha. Chukua aljebra. Mwalimu amefundisha mabano, darasa limeitikia "ndiyo mwalimu", kila mtu anatikisa kichwa. Anapita katikati ya madawati, anaona kwenye daftari la tatu: (a + b)² = a² + b². Anaangalia la nne, vilevile. La sita, vilevile.

Njia rahisi ni kurudi ubaoni na kuandika kanuni kwa herufi kubwa zaidi. Njia inayofundisha ni kumwambia mwenye daftari: "Weka a iwe 3, b iwe 4, halafu fanya pande zote mbili." Upande wa kushoto anapata 49. Wa kulia anapata 25. Hapo anasimamisha kalamu mwenyewe na kuuliza 24 zilizobaki zimekwenda wapi. Sasa mwalimu anaweza kuchora mraba wenye upande wa 7, akaugawa vipande vinne, na zile 24 zikaonekana: mistatili miwili, kila mmoja 3 kwa 4. Kanuni ya 2ab inaingia kama jibu la swali ambalo mwanafunzi ameshajiuliza.

Jambo dogo linalobadilisha vipindi vingi ni kunyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyerekodi masomo ya sayansi, alionyesha miaka ya 1970 kwamba baada ya kuuliza swali walimu wengi hungoja sekunde moja hivi, kisha wanajibu wenyewe au wanamrukia mwingine. Waliponyoosha subira hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walijitokeza, na wanaoshindwa kujibu walipungua. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu mno, jaribu uone. Na usiulize "mmeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu duniani.

Kuna haja ya kuwapa mazoezi kila mara? Si mtihani wa mwisho upo?

Mtihani wa mwisho unampanga mwanafunzi. Zoezi la leo linampanga mwalimu: linamwambia kesho aanzie wapi. Mapitio makubwa ya tafiti ya Paul Black na Dylan Wiliam, yaliyotoka Uingereza mwaka 1998, yalihitimisha kwamba tathmini ya njiani, ile inayobadilisha ufundishaji, ni miongoni mwa mambo yanayoinua ujifunzaji zaidi, na wanaonufaika hasa ni wale walio nyuma.

Pia inasaidia kumbukumbu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliosoma andiko kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliolisoma tena na tena. Cha kuchekesha ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Mwalimu yeyote amewahi kumwona huyo: daftari limepakwa rangi kila mstari, kichwani hamna kitu.

Maoni je? Utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988 ulilinganisha wanafunzi waliopewa alama tu, maoni tu, na vyote pamoja. Waliopewa maoni tu ndio waliosonga mbele. Ukiweka alama pembeni ya maoni, macho yanakwenda kwenye alama, mtu anachungulia ya jirani yake, na maoni uliyoyaandika usiku yanabaki hayajasomwa. Huwezi kufuta alama zote, shule inazihitaji, lakini unaweza kurudisha kazi yenye maoni leo na kusoma alama kesho.

Mwalimu wa darasa ana kazi gani zaidi ya kuita majina?

Kuita majina ndiyo kazi yenyewe, ikifanywa kwa macho yaliyo wazi. Daftari la mahudhurio likisomwa mstari kwa mstari linasimulia mengi: huyu anakosa kila Jumatatu, hawa wawili wanakosa siku zilezile, yule alikuwa hakosi na tangu mwezi uliopita anakuja siku tatu kwa wiki. Mwanafunzi haachi shule kwa siku moja. Anaanza kwa kuchelewa, kisha kukosa, kisha kuona aibu ya kurudi kwa kuwa masomo yamempita. Anayeweza kuikata safari hiyo mapema ni mwalimu wa darasa, kwa swali moja la faragha lililoulizwa bila ukali.

Zaidi ya hapo anakusanya taarifa za walimu wengine, anaandika maoni ya ripoti na kuzungumza na wazazi. Tafadhali, "ana uwezo, aongeze bidii" si maoni. Aongeze bidii kwenye nini?

Na mwalimu wa zamu?

Anahakikisha kengele inapigwa kwa wakati, mazingira ni salama, wagonjwa wanahudumiwa, na anaandika yaliyotokea. Ajali na ugomvi hutokea zaidi nje ya vipindi, kwa hiyo mwalimu wa zamu aliyekaa ofisini hayupo zamu.

Nidhamu ni jukumu la nani, na je, adhabu ya viboko inasaidia?

Nidhamu ya darasani ni ya mwalimu aliye darasani. Mwalimu wa nidhamu ni kwa makosa mazito. Ukimpelekea kila anayecheka, umewatangazia wanafunzi kwamba huwawezi.

Jacob Kounin, aliyechunguza rekodi za video za madarasa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1970, alikuta kwamba walimu wenye madarasa tulivu hawakutofautiana sana na wenzao katika namna ya kukemea baada ya kosa. Walitofautiana kabla ya kosa. Walikuwa na macho kila kona, walihama kutoka kazi moja hadi nyingine bila kuacha mwanya, na hawakuliacha darasa zima likae bure wakati wanamshughulikia mmoja. Fujo nyingi huzaliwa kwenye zile dakika mbili za kutafuta chaki.

Kuhusu viboko, Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Nchi nyingi zimepiga marufuku fimbo shuleni, nyingine bado zinairuhusu kwa masharti, na mwalimu anawajibika kujua sheria ya alipo. Hata pale inaporuhusiwa, msimamo wangu ni kwamba fimbo hufundisha kujificha. Mwanafunzi anayeogopa kuchapwa kwa kukosa hesabu atanakili ya mwenzake, na mwalimu atapoteza alichokuwa anakitafuta, yaani kosa halisi la mwanafunzi. Vinavyofanya kazi ni vya kuchosha zaidi: kanuni chache zinazojulikana, matokeo yaleyale kwa kila mtu akiwemo mtoto wa mwalimu mwenzako, na mazungumzo pembeni baada ya kipindi.

Mwanafunzi akinieleza kwamba anafanyiwa ukatili, nifanye nini?

Hapa pana utaratibu, na ni bora uujue kabla siku hiyo haijafika.

Msikilize. Usishtuke kwa sauti, usimkatize, usimwambie "una uhakika?" Akianza kwa kusema "niahidi hutamwambia mtu", usiahidi. Mwambie kwa upole kwamba jambo la kumlinda utalazimika kulifikisha kwa wanaohusika tu, si kwa wengine. Ni afadhali asite sasa kuliko agundue baadaye kwamba ulimdanganya.

Usimhoji kama mpelelezi. Maswali ya kumwekea maneno mdomoni, kama "ni mjomba wako, siyo?", yanaweza kuharibu ushahidi na kumchanganya. Maswali ya wazi yanatosha: nini kilitokea, uko salama kurudi nyumbani leo? Mara baada ya hapo andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, siku na saa, kisha toa taarifa siku hiyohiyo kwa mkuu wa shule au mwenye dhamana ya ulinzi wa watoto, kwa utaratibu wa sheria ya nchi. Mtuhumiwa akiwa ni mtu wa shuleni humo, mwenzako unayekunywa naye chai, utaratibu ni uleule.

Usimpigie mtuhumiwa simu "kusikia upande wake". Hiyo si kazi yako, na inaweza kumhatarisha mtoto. Wala habari hiyo haijadiliwi ofisi ya walimu.

Mipaka kati ya mwalimu na mwanafunzi iko wapi?

Uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi ni marufuku, haijalishi umri wake wala nani alianza. Mwalimu ana madaraka juu ya alama na mustakabali wake, hivyo hakuna hiari ya kweli hapo.

Mengine ni ya tahadhari. Ujumbe wa simu kwa mwanafunzi mmoja usiku haupeleki jambo jema, tumia kundi la darasa au mfikie mzazi. Mazungumzo ya faragha yafanyike mlango ukiwa wazi. Tuisheni ya kulipia kwa mwanafunzi unayemsahihisha mwenyewe inakuweka pabaya hata kama moyo wako ni safi, kwa kuwa asiyelipa ataanza kujiuliza kama kipindi cha asubuhi kilifundishwa chote.

Mwanafunzi akifeli, wa kulaumiwa ni mwalimu?

Swali la wazazi, na mara nyingi huulizwa mwishoni mwa mwaka, wakati limeshachelewa. Mwalimu anawajibika kwa ubora wa alichofundisha, kwa kumfahamisha mzazi mapema, na kwa kujaribu njia nyingine ya kwanza isipofaa. Hawajibiki kwa usingizi wa mtoto, kwa kazi anazofanya nyumbani hadi usiku, wala kwa msingi mbovu wa miaka sita iliyopita, ingawa anapaswa kuvijua vyote. Mzazi anayetaka kumsaidia mwalimu aje mwezi wa pili na swali moja: mwanangu anakwama wapi hasa? Mwalimu akikosa jibu la swali hilo, basi hapo pana la kulalamikia.

Wenye ulemavu au mahitaji maalumu ni kazi ya wataalamu?

Wataalamu ni muhimu, lakini Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililotolewa na mkutano wa dunia kuhusu elimu ya mahitaji maalumu, liliweka wazi kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Kwa mwalimu wa somo, mengi hayahitaji vifaa: kusoma kwa sauti unachoandika, kutozungumza ukiwa umegeukia ubao, kuandika kwa herufi zinazoonekana hadi dawati la nyuma, kuongeza muda. Mwanafunzi anayenakili ubaoni akikunja uso, au anayenakili kwa jirani kila siku, apimwe macho kabla ya kuitwa mvivu.

Nikipangiwa somo ambalo si fani yangu?

Mweleze mkuu wa shule kwa maandishi, kisha jisomee ukiwa mada mbili mbele zaidi ya darasa lilipofika, na umtafute mwenye fani. Ukiulizwa usichokijua, sema utaleta jibu, na ulilete.

Akili unde imebadilisha nini?

Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika majibu na insha inapoulizwa, ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa 2022, insha ya kufanyia nyumbani si kipimo kizuri tena cha nani anaweza kuandika. Programu za kugundua maandishi ya mashine hukosea, na kumtuhumu mwanafunzi kwa kutegemea programu hizo peke yake ni dhuluma. La maana ni kurudisha kazi ya kupima darasani: aandike rasimu mbele yako, aeleze kwa mdomo kwa nini alichagua hoja hii. Mwalimu mwenyewe anaweza kuitumia kutunga maswali ya mazoezi, mradi ayahakiki moja moja. Mashine hutoa jibu lisilo sahihi kwa kujiamini kuliko mwanafunzi yeyote wa mstari wa nyuma.

Mwalimu ana wajibu tu, au ana haki pia?

Anazo. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, kuhusu hadhi ya walimu lilipitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, na ndiyo asili ya Siku ya Walimu Duniani inayoadhimishwa tarehe hiyo tangu 1994. Linazungumzia mafunzo, mishahara, uhuru wa kitaaluma na ushiriki wa walimu katika maamuzi. Si sheria yenye meno, ila ni kipimo kizuri cha kulinganisha na mkataba wako wa ajira.

Mwalimu mpya aanze na lipi wiki ya kwanza?

Majina. Chora ramani ya viti na uibebe. Kisha toa jaribio fupi lisilo na alama juu ya mada za mwaka uliopita, ulisahihishe lote, na ulitumie kurekebisha azimio lako. Kanuni za darasa zisizidi nne. Na mtafute mzoefu mmoja akuruhusu ukae nyuma ya darasa lake. Usimchague kwa ucheshi wa ofisini, chagua yule ambaye wanafunzi wake wanauliza maswali.

Mwalimu akihamishwa katikati ya muhula, anaacha nini?

Funguo na vitabu vya shule, bila shaka, kwa kusainiana. Azimio lenye alama ya mada aliyofikia. Orodha ya alama zote, pamoja na za majaribio madogo. Na karatasi moja ambayo wengi huisahau: majina ya wanafunzi kumi au kumi na watano aliokuwa akiwafuatilia, mbele ya kila jina mstari mmoja unaosema anakwama wapi, nini kimejaribiwa, na mzazi gani ameshaitwa. Mambo ya siri ya ulinzi wa mtoto hayaandikwi humo, yanapitia kwa mkuu wa shule. Mwalimu anayepokea aisome karatasi hiyo kabla ya kuingia kipindi chake cha kwanza.